Sarafu za Tabora, vifaru vya Kongwa, risasi za Morogoro

Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Lulanguru, kituo kidogo karibu na Tabora, mafundi waliozoea kutengeneza mabehewa na injini za treni walipewa kazi ya kugonga sarafu za dhahabu. Dhahabu yenyewe ilichimbwa Sekenke, Iramba, katika mkoa wa Singida wa leo. Upande mmoja alichorwa tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, upande wa pili tai wa dola ya Ujerumani. Kila sarafu ilikuwa na thamani ya rupia 15, na zilizotoka ni 16,198 tu. Ukizilinganisha utaona kwamba katika baadhi yake pambo la pembeni linaishia chini ya herufi T ya neno la nchi, na katika nyingine chini ya A. Muhuri, kwa hiyo, haukuwa mmoja.

Sarafu si silaha. Lakini jeshi halipigani bila mshahara wala posho, na mikono iliyogonga sarafu ile ndiyo mikono ya aina ileile iliyokuwa ikitengeneza magurudumu ya mizinga. Karakana hiyohiyo iligonga pia sarafu ndogo za heller 20 za matumizi ya kila siku kutokana na shaba iliyookotwa huku na huku, maganda ya risasi yakiwamo. Anayetafuta mwanzo wa kiwanda cha kijeshi katika nyanda zetu za kati anaweza kuanzia hapo, kwenye reli.

Sababu ilikuwa bahari. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, manowari za Uingereza ziliifunga pwani, na koloni la Wajerumani likabaki kama nyumba iliyokomewa kwa nje. Tangu Agosti 1914 hadi mwisho wa vita ni meli mbili tu za shehena zilizopenya kutoka Ujerumani. Ya kwanza, Rubens, ilifika ghuba ya Manza karibu na Tanga Aprili 1915, ikapigwa na manowari ya Waingereza na kuzama kwenye maji mafupi. Wapiga mbizi waliopoa shehena. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, na kazi iliyofuata haikuwa ya kishujaa hata kidogo: kuzifungua moja moja, kumwaga baruti, kuianika, kusafisha maganda, kisha kuzijaza upya na kuzifunga. Nyingine hazikulipuka hata baada ya taabu yote hiyo. Ya pili, Marie, ilitia nanga ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi, Machi 1916.

Katikati ya safari hizo mbili, manowari ya Königsberg ilizamishwa katika delta ya Rufiji, Julai 1915. Mizinga yake kumi ya milimita 105 ilitolewa, ikakokotwa hadi Dar es Salaam, na karakana ya reli ikaitengenezea magari ya kuvutwa nchi kavu. Mmoja ulipanda treni, ukapita Dodoma na Tabora hadi Kigoma, ukafungwa kwenye meli Graf von Götzen, meli ambayo nayo ilikuwa imeletwa kwa reli hiyohiyo katika masanduku takriban 5,000. Meli hiyo tunaijua leo kwa jina la Liemba. Mwezi Mei 1916 mizinga ya Königsberg ilisikika Kondoa Irangi, mahali ambapo hakuna mwanamaji aliyewahi kufikiria kupigana.

Reli ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora 1912. Bila hiyo, hakuna ambacho kingetengenezwa huku juu. Nalisisitiza hili kwa sababu historia nyingi za silaha huandikwa kana kwamba kiwanda huzaliwa na amri ya jemadari. Jemadari anaweza kuamuru asubuhi hadi jioni. Kama hakuna fundi aliyekwisha kujua kukereza chuma kwa ajili ya treni, amri yake haitoi hata msumari. Dodoma ilitekwa mwisho wa Julai 1916, Tabora ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba, na kiwanda kile cha dharura kikaishia hapo. Wagogo, wenyeji wa Dodoma, waliachiwa kingine. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, na njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, ndiyo wazee wanayoiita Mtunya.

Wenyeji walikuwa wamewekewa vizuizi vya silaha mapema zaidi, kabla manowari hazijaifunga pwani. Katika karne ya 19 bunduki na baruti zilipanda na misafara kutoka pwani. Watemi wa Ugogo walidai hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kila msafara uliopita kwenye visima vyao, na Stanley alilipa mwaka 1871 kama wengine, huku akinung'unika. Mirambo wa Urambo alijenga utawala wake juu ya wapiganaji walioitwa rugaruga, wenye bunduki. Lakini hakuna mtemi aliyekuwa na kiwanda. Waliokuwapo ni wahunzi. Walifua mikuki, mishale na majembe, na waliweza kurekebisha bunduki iliyoharibika. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipokataza kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, mhunzi ndiye aliyebaki. Ndiyo maana gobore halijafa. Mtu anachukua bomba la chuma, mara nyingi chuma cha usukani wa gari bovu, anachonga kitako cha mti, na bunduki inakwenda porini. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimtambui fundi huyo isipokuwa kama mhalifu, na polisi huyakusanya magobore hayo kila wanapotangaza kipindi cha kusalimisha silaha kwa hiari. Sitetei ujangili. Ila ni ajabu kidogo kwamba ufundi wa silaha wa kienyeji ulioishi muda mrefu kuliko wote nchini unajulikana tu kwenye chumba cha vielelezo vya kesi.

Kongwa, mashariki ya Dodoma, palitokea jambo la kinyume: silaha zikageuzwa zana za kilimo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliokuwa na njaa ya mafuta ya kula waliamua kulima karanga Tanganyika kwa mashine, na Kongwa ikawa mahali pa kuanzia mwaka 1947. Matrekta ya kutosha hayakuwapo, hivyo kampuni ya Vickers ya Uingereza ikachukua sehemu za vifaru vya Sherman na kuunda trekta la minyororo lililoitwa Shervick. Kifaru kilichobuniwa kwa mapigano ya Ulaya kikaletwa kung'oa mibuyu na vichaka vya Ugogo. Mizizi iliivunja mitambo, na mvua zilipokatika udongo wa mfinyanzi uliganda kama saruji, jambo ambalo Mgogo yeyote angewaambia bure. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Fedha zilipotea, na hilo limeandikwa sana. Linaloandikwa kidogo ni kwamba mradi wenye mashine nyingi kiasi kile haukuiachia Kongwa kiwanda.

Mwaka 1964 Kongwa ikapata wageni wengine. Wapiganaji wa FRELIMO waliwekwa kambi huko, kisha wakaja wa SWAPO, ANC na vyama vingine vya ukombozi. Samora Machel alipita hapo. Bunduki zao zilitoka Algeria, China na Urusi ya Kisovyeti, zikapitia bandari ya Dar es Salaam. Tanzania ilikuwa ikihifadhi ukombozi wa nusu ya bara, na haikuwa ikitengeneza hata risasi moja. Jeshi lenyewe lilikuwa changa: askari wa Tanganyika Rifles waliasi Januari mwaka huohuo, na JWTZ ikazaliwa tarehe 1 Septemba.

Jibu lilijengwa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Mradi ulianza mwaka 1971 kwa msaada wa China, wakati Wachina walewale wakitandika reli ya TAZARA, na mwaka 1974 ukawa Shirika la Mzinga. Kutengeneza risasi kunaonekana jambo dogo mpaka utazame hatua zake. Ganda huanza kama kikombe kifupi cha shaba. Mashine hukibana kirefuke, kisha hupashwa moto ili shaba ilegee isipasuke, hubanwa tena, hupashwa tena. Mdomo unakazwa, kitako kinatobolewa tundu la fataki, baruti inapimwa, kichwa kinashindiliwa. Ganda likizidi unene wa unywele, bunduki inakwama mkononi mwa askari. Ni kazi ya watu wanaopima siku nzima, na watu hao hawapatikani kwa mwaka mmoja.

Miaka minne baada ya Mzinga kuwa shirika, Idi Amin wa Uganda alivuka mpaka wa Kagera. Mwalimu Nyerere alipozungumza na wazee Diamond Jubilee tarehe 2 Novemba 1978, alisema uwezo, sababu na nia ya kumpiga vyote tunavyo. Kwa maoni yangu, kati ya hayo matatu uwezo ndio uliogharimu zaidi. Vifaru na makombora ya BM-21, ambayo Waganda waliyaita Saba Saba, yalitoka nje, na malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kusafirisha askari.

Hitaji hilo la magari lina shirika lake, Nyumbu la Kibaha. Mradi wake ulianza mwishoni mwa miaka ya 1970 na kufikia mwaka 1985 ulikuwa kituo kamili cha teknolojia ya magari. Lori la Nyumbu liliundwa kweli, likatembea kweli, lakini halikuingia kwenye uzalishaji wa wingi. Mzinga umedumu kwa sababu risasi zina mteja wa kudumu na baruti inahitajika migodini na kwenye machimbo ya kokoto. Lori lilishindana na kila lori la Japani na Ulaya lililoshushwa bandarini, na ofisi zetu za manunuzi zilichagua la bandarini. SUMAJKT, shirika la uzalishaji mali la JKT lililoanzishwa mwaka 1982, liliepuka mtego huo kwa kufanya kila kitu: ujenzi, ulinzi, ushonaji, samani, hata kuuza matrekta kutoka India kwa mkopo wa dola milioni 40. Ni biashara halali, ila sioni kama ni sekta ya silaha. Wenzetu wamekwenda njia nyingine: Uganda ina kiwanda cha Luwero huko Nakasongola, na Kenya, ambayo tayari ilikuwa na kiwanda cha risasi Eldoret, ilifungua cha bunduki Ruiru mwaka 2021.

Sasa mambo haya yote yanaamuliwa Dodoma. Makao makuu ya JKT yako Chamwino, ya ulinzi wa taifa yalitengewa Kikombo, na kila mwaka wakati wa bajeti Waziri wa Ulinzi husimama bungeni kusoma aya chache kuhusu Mzinga na Nyumbu katikati ya hotuba ndefu. Wabunge huuliza zaidi kuhusu mipaka ya kambi na fidia za ardhi, na wana haki, maana wananchi wao ndio wanaoathirika. Lakini Nyumbu limekwisha kuunda hata gari la zimamoto, na halmashauri zetu zinayahitaji magari hayo. Mbunge mmoja angeweza kutumia dakika zake kumwuliza waziri ni mangapi Serikali yenyewe imeyaagiza kutoka Nyumbu kwa mwaka, na mengine yaliyonunuliwa nje yaligharimu kiasi gani.