Ufafanuzi: Msamaha wa bima ya afya kwa wategemezi kwenye ritani ya kodi Marekani

Wasikilizaji wetu wengi wa Kigoma wana ndugu waliohamia Marekani, wakiwemo waliopitia kambi ya Nyarugusu. Swali linalorudi kila msimu wa kodi ni hili: mtoto au mzazi ninayemlea hana bima ya afya, je, nitadaiwa? Katika makala haya tunaeleza sheria ilivyokuwa, ilivyo sasa, na nani anabeba mzigo.

Sheria ilianzaje?

Machi 2010, Rais Barack Obama alisaini sheria ya huduma nafuu za afya. Kuanzia mwaka 2014, karibu kila mkazi alitakiwa kuwa na bima, kuwa na sababu ya kusamehewa, au kulipa faini kupitia ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka.

Ritani hupelekwa IRS, mamlaka ya mapato ya Marekani. Msamaha uliombwa kwa fomu namba 8965, iliyotumika kwa miaka ya kodi 2014 hadi 2018.

Nani aliwajibika kwa mtegemezi?

Hapa ndipo wengi walipokosea. Mtoto hakudaiwa yeye. Aliyedaiwa ni mwenye haki ya kumwandika kama mtegemezi kwenye ritani yake. Hata kijana aliyefanya kazi na kujaza ritani yake mwenyewe hakujaza fomu 8965 ikiwa mzazi alikuwa na haki ya kumwandika.

Na bima ya mzazi haikumfunika mtoto kwenye hesabu. Kila mtu aliangaliwa peke yake, mwezi kwa mwezi. Fomu ilitaka jina la kila aliyeombewa msamaha, namba yake ya hifadhi ya jamii, herufi ya sababu, na miezi inayohusika.

Baadhi ya sababu zilizokubalika ni hizi:

- Bima kuwa ghali kupita kiwango kilichowekwa, kikilinganishwa na kipato cha familia (herufi A).
- Kukosa bima kwa muda mfupi, usiofika miezi 3 mfululizo (herufi B).
- Raia anayeishi nje ya Marekani, na baadhi ya wasio raia (herufi C).
- Kuwa gerezani (herufi F).

Misamaha mingine, hasa ya dhiki, iliombwa kwanza kwenye soko la bima la serikali. Ukikubaliwa ulipewa namba ya cheti, na namba hiyo ndiyo uliyoiandika kwenye fomu.

Tofauti ilikuwa kiasi gani?

Tuchukue mfano wa mwaka 2016. Faini ilikuwa dola 695 kwa mtu mzima na dola 347.50 kwa mtoto chini ya miaka 18, au asilimia 2.5 ya kipato kinachozidi kiwango cha kuanza kujaza ritani. Kilichokuwa kikubwa ndicho kilicholipwa.

Mama mmoja anapata dola 25,000 kwa mwaka, naye ana bima ya kazini. Watoto wake wawili hawakuwa na bima mwaka mzima. Anadaiwa dola 695. Akionyesha kwamba mtoto mmoja ana haki ya msamaha, deni linashuka hadi dola 347.50. Wote wawili wakisamehewa, hadaiwi kitu.

Hali ikoje sasa?

Desemba 2017, Rais Donald Trump alisaini sheria ya kodi iliyofanya faini ya serikali kuu kuwa sifuri kuanzia 2019. Fomu 8965 ikaondolewa.

Lakini usishangilie kabla hujaangalia jimbo unaloishi. Massachusetts, New Jersey, California, Rhode Island na jiji kuu la Washington, D.C. zina faini zao. California hutumia fomu 3853 kwa misamaha, New Jersey hutumia jedwali linaloitwa NJ-HCC. Massachusetts huwadai watu wazima tu, ila California huwahesabu watoto pia, kwa nusu ya kiwango cha mtu mzima.

Vilevile, ikiwa familia ilipata ruzuku ya bima kupitia soko la serikali, fomu 8962 bado inatakiwa kila mwaka.

Mambo ya kuangalia kabla ya kusaini

- Hakikisha kila mtegemezi ana jibu: ana bima, au ana msamaha, na kwa miezi ipi.
- Mtoto aliyebaki Tanzania au Kongo, asiye raia wala mkazi wa Marekani kikodi, kwa kawaida haandikwi kama mtegemezi.
- Tunza karatasi za bima na barua za msamaha.
- Ukijaziwa ritani na mtu mwingine, mwombe akusomee majina yote. Sahihi ni yako, na deni ni lako.