Gobori, Bombomu na Mabega ya Wapagazi: Istilahi za Vita katika Zama za Viwanda

Katika kupitia miswada ya tafsiri za historia, mara kwa mara tumekutana na sentensi ya namna hii: "Katika Vita vya Majimaji pande zote mbili zilitumia bunduki." Sentensi hiyo si ya uwongo. Wapiganaji wa Majimaji walikuwa na bunduki, na jeshi la Wajerumani lilikuwa nazo pia. Lakini mwanafunzi aisomaye hawezi kuelewa kwa nini vita vilivyoanza mwaka 1905 vilikwisha kama vilivyokwisha, na huenda akahitimisha kwamba wazee wetu walishindwa kwa sababu tu waliamini maji. Hapa kosa la historia limezaliwa na kosa la istilahi. Neno moja limebebeshwa silaha mbili, na kati ya silaha hizo mbili kuna karne nzima ya viwanda.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi jinsi viwanda vilivyobadili vita, na kuonyesha kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha kuyaeleza mabadiliko hayo, iwapo sisi tunaotafsiri na kufundisha tutayatumia kwa uangalifu.

Tuanze na gobori. Silaha hii hujazwa kwa mdomo wa mtutu: mpiganaji humimina baruti, hutia risasi, hushindilia kwa mdeki, ndipo alenge na kufyatua. Askari aliyezoea aliweza kupiga mara 2 au 3 kwa dakika, na kwa kawaida ilimlazimu asimame wakati wa kujaza. Mhunzi hodari aliweza kuitengeneza ilipoharibika. Katika karne ya 19 viwanda vya Ulaya na Marekani vilijifunza kukereza vyuma kwa vipimo vilivyo sawa, hata kipande cha bunduki moja kikaweza kuingia katika nyingine. Ndipo ilipowezekana kutoa kwa wingi bunduki za kujazwa kwa nyuma, zenye mifuo ya mzunguko ndani ya mtutu. Tofauti yake ilionekana wazi tarehe 3 Julai 1866 huko Königgrätz. Waprusia waliweza kujaza bunduki zao wakiwa wamelala chini, hali Waaustria walijaza zao kwa mdomo wakiwa wamesimama. Aidha, Waprusia walikuwa wamesafirisha majeshi yao kwa reli. Vita vile vilikwisha katika muda wa majuma machache tu.

Watawala wa kikoloni waliielewa vema tofauti hii. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa silaha za moto, hasa bunduki za mifuo na zile zilizoboreshwa, katika eneo la Afrika lililo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Hata hivyo uliacha mlango kwa gumegume zisizo na mifuo pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Basi waliotunga sheria walitofautisha bunduki na bunduki kwa maandishi, kwa kuwa walijua kwamba katika tofauti hiyo ndimo ulimo utawala wao. Itakuwa ajabu ikiwa sisi tutaifuta katika vitabu vyetu.

Hatua ya pili ni bombomu. Mwaka 1884 Hiram Maxim, Mmarekani aliyehamia London, alibuni bunduki iliyotumia nguvu ya kurudi nyuma ya kila risasi kutoa ganda lililokwisha na kuingiza risasi nyingine. Iliweza kupiga kiasi cha risasi 600 kwa dakika. Wasemaji wa Kiswahili hawakungoja kamati: waliusikia mlio wake, wakaipa jina. Baadaye lilienea pia jina la bunduki ya rashasha, lenye asili ya Kiarabu na maana ya kunyunyiza. Majina yote mawili ni mazuri; la kwanza limetokana na sikio, la pili na jicho.

Kazi ya bombomu ilionekana Omdurman, nchini Sudan, tarehe 2 Septemba 1898. Wasudani waliouawa walizidi 10,000. Upande wa Waingereza na Wamisri waliokufa hawakufika 50. Tena jeshi hilo lilikuwa limefikishwa huko kwa reli iliyojengwa kukata jangwa. Miaka 7 baadaye, tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Majimaji walilishambulia boma la Mahenge mchana kweupe. Wengi walianguka mbele ya bombomu kabla hawajafika mahali ambapo gobori na mikuki yao ingeweza kufaa. Hata hivyo hatupaswi kusema kwamba bombomu ndiyo iliyomaliza vita. Wapiganaji walibadili mbinu, wakaingia katika vita vya kuvizia, na Wajerumani wakachoma vyakula na mashamba. Njaa ikaua kuliko risasi. Serikali ya kikoloni ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wako wanahistoria wanaotaja hadi 300,000.

Je, inakuwaje silaha hiyo ikiwa mikononi mwa pande zote mbili? Ulaya ilipata jibu katika miaka ya 1914 hadi 1918. Majeshi yalichimba handaki na kuzungushia seng'enge, yaani waya wa miba uliobuniwa Marekani kwa ajili ya kuzuia ng'ombe. Huko Somme, Waingereza walipiga makombora kiasi cha milioni 1.5 kwa muda wa juma moja, kisha tarehe 1 Julai 1916 wakatoka katika handaki zao. Siku hiyo moja askari wao 19,240 walikufa. Makombora mengi kiasi hicho yalidai viwanda vya nchi nzima, na wanawake kwa maelfu waliingia viwandani kuyatengeneza. Ujerumani nayo, ilipozuiwa kuagiza shura kutoka Chile, iliendelea kutengeneza baruti kwa naitrojeni iliyovutwa katika hewa, kwa njia iliyoanza kutumika kiwandani Oppau mwaka 1913. Njia hiyo ndiyo inayotupa mbolea ya chumvichumvi hata leo.

Tarehe 15 Septemba 1916 Waingereza walileta vitani gari la deraya lenye minyororo. Kwa ajili ya kuwahadaa wapelelezi, walikuwa wamelipa jina la tangi, ili lidhaniwe kuwa chombo cha kuwekea maji. Kiswahili hakikuifuata hila hiyo, bali kilitazama ngozi ngumu, uzito na mwendo wa kusukuma mbele, kikasema kifaru. Kwetu sisi huu ni mfano wa kufaa: istilahi njema hukitazama kitu chenyewe, si jina lake la ugenini.

Vita hivyo vilifika kwetu pia. Huko Tanga, mwezi Novemba 1914, nyuki waliochokozwa na risasi waliwavamia askari. Na kwa kuwa mzinga kwa Kiswahili ni nyumba ya nyuki na pia ni silaha kubwa ya moto, mwandishi anayesema kwamba mizinga ya Tanga iliwatia askari taabu hana budi aeleze ni mizinga ipi. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamizwa katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915 na manowari mbili za Waingereza, huku ndege zikiwaonyesha wapigaji makombora yao yanakoanguka. Wajerumani waliitoa mizinga yake 10, wakaitumia nchi kavu. Lakini nani aliyeivuta?

Hapa ndipo penye jambo tusilopenda lisahauliwe. Reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, lakini vita viliiacha reli. Porini mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe, na mvua zilizamisha magari. Mwaka 1917 Wajerumani walituma chombo cha hewani, L59, kuleta mahitaji. Kilirudishwa kwa simu ya upepo kikiwa juu ya Sudan, baada ya kwenda na kurudi zaidi ya kilomita 6,700 bila kutua na bila kuleta kitu. Mzigo ulibaki mabegani mwa watu. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi hukadiriwa kuwa karibu milioni 1. Hesabu rasmi ilitaja waliokufa zaidi ya 95,000, wengi wao kwa maradhi na lishe mbaya, nayo huonwa kuwa pungufu. Jina la Kiingereza la kikosi chao, kama lilivyosikika masikioni mwa watu, ndilo Kariakoo ya Dar es Salaam. Wanunuzi wangapi sokoni wanajua kwamba wanatamka kumbukumbu ya vita?

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. Kwanza, gobori litumike kwa silaha ya kujazwa kwa mdomo, gumegume kwa ile ya jiwe, na bunduki lisiachwe peke yake pale tofauti inapoamua maana. Pili, bombomu lihifadhiwe katika maandishi ya historia, hata kama rashasha ndilo litumikalo zaidi. Tatu, mzinga ni kitu kipigacho na kombora ni kitu kipigwacho. Na kwa kuwa kombora siku hizi ni pia lile lijiendeshalo lenyewe, mfasiri aseme ni la namna gani. Nne, kila panapotajwa idadi ya askari wa vita vya 1914 hadi 1918 katika nchi zetu, itajwe na idadi ya wapagazi.

Pendekezo hili la mwisho si la istilahi peke yake. Viwanda viliongeza nguvu ya kuua, lakini havikumwondolea mtu mzigo kichwani. Lugha yetu inayo maneno ya kusema yote mawili, na mwalimu akiyatumia, mwanafunzi hatawadhania wazee wake ujinga.