Kufuli Tatu: Habari za Mkopo katika Nchi ya Mara

Katika vijiji vya Bunda vilivyopakana na Hifadhi ya Serengeti, iko siku katika juma ambayo watu, wake kwa waume, huketi kivulini wakalizunguka sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zake hazilali nyumba moja. Kila ufunguo una mwekaji wake, na sanduku lenyewe huwekwa kwa mtu wa nne asiye na ufunguo hata mmoja, ili asiwepo awezaye kulifungua usiku peke yake, wala asiwepo awezaye kusingiziwa kwamba amelifungua. Likisha kufunguliwa, hisa hununuliwa mbele ya macho ya wote, fedha huhesabiwa kwa sauti, na mwenye haja ya mkopo husimama akataja kazi anayoutakia. Vikundi hivi huitwa COCOBA, yaani benki za kijamii za uhifadhi, na vilienea kandokando ya Serengeti kwa msaada wa shirika la Frankfurt Zoological Society, juu ya shuruti ambayo mabenki makubwa ya dunia yalichelewa sana kuifikiri: kwamba fedha za sanduku zisiende katika biashara iharibuyo mazingira. Anayeomba mtaji wa mizinga ya nyuki au wa kuku husikilizwa kwa wepesi. Anayenuia tanuri la mkaa huhojiwa, na anayemhoji si karani wa mjini, ni jirani yake, ambaye anajua mti upi umeanguka juzi na nyama iliyonukia jana jioni ilitoka upande gani.

Wako wanaodhani kwamba kumwuliza mkopaji habari za nyasi na miti ni jambo lililoletwa na wageni. Mimi sikubaliani nao. Zamani, kabla ya noti na hundi, Wakurya na baadhi ya jirani zao walikuwa na ada ya kukabidhiana ng'ombe: mwenye mifugo mingi hakuiweka yote katika zizi moja, bali aliitawanya kwa jamaa na marafiki waliokaa mbali, ili ukame, maradhi au uvamizi ukishuka mahali pamoja usimfilisi. Aliyepokea alikunywa maziwa, akarutubisha shamba lake kwa samadi, na huenda akajaliwa ndama kwa uaminifu wake. Lakini ng'ombe wenyewe walibaki kuwa amana. Sasa mtu wa namna hiyo, alipokwenda kuchagua wa kumwamini, alitazama malisho kabla hajautazama uso wa mwenyeji wake, maana mwenyeji mwema katika nchi isiyo na majani hana cha kumrudishia ila ngozi. Dhamana ya deni ilikuwa ardhi yenyewe, si kwa kuwekwa rehani, bali kwa kubaki hai.

Ukoloni uliligeuza jambo hili. Kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu, na njia kuu ya mkulima wa kando ya Ziwa Victoria kuipata fedha hiyo ikawa pamba. Ilhali sheria ya Tanganyika ya mwaka 1931 ilizuia mkopo kwa wenyeji, hata mfanyabiashara asiye mwenyeji hakuweza kumdai Mwafrika mahakamani pasipo mkataba uliokubaliwa na serikali. Ilidaiwa kuwa ni himaya kwa mnyonge. Matokeo yake ni kwamba mnyonge alifungiwa mlango. Mlango huo ulisukumwa na wakulima wenyewe walipoungana katika ushirika, na mwaka 1955 ukasimama Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria, chini ya Paul Bomani, mtu aliyezaliwa upande wa Musoma mwaka 1925, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi huru.

Ushirika ulimkomboa mkulima na mizani ya ulaghai, na sifa hiyo haipunguki. Lakini tuutazame mkopo wake kwa karibu. Pembejeo zilitolewa kwa deni wakati wa kulima. Mavuno yalipofika, mtu alibeba marobota yake hadi kwenye ghala la chama, pamba ikapimwa, karani akafungua daftari, akatoa makato, na kilichobaki ndicho kilichokwenda nyumbani. Daftari lile lilikuwa na safu ya kilo, safu ya bei na safu ya deni. Safu ya udongo haikuwamo. Ikiwa mvua imekuwa haba na kilo zimepungua, dawa ya deni ilikuwa kulima eneo kubwa zaidi mwaka ujao, kufyeka kichaka kilichobakia, na kukaribia malisho na mito. Na kila hatua hiyo ilihesabiwa kuwa maendeleo, kwa kuwa marobota yaliongezeka.

Yaliyofuata nayapitia upesi. Mwana wa Butiama, Mwalimu Nyerere, alitangaza Azimio la Arusha tarehe 5 Februari 1967, na mabenki yakataifishwa siku iliyofuata. Benki ya Maendeleo Vijijini ikaundwa mwaka 1971, vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976, na vijiji vizima vikawa wadeni. Deni la wote liligeuka kuwa deni lisilo na mwenyewe. Benki ile ikawa CRDB mwaka 1984, ikaingia mikononi mwa wanahisa mwaka 1996. NMB nayo ilizaliwa mwaka 1997, ilipogawanywa Benki ya Taifa ya Biashara.

Wakati huo huo Ziwa lilikuwa likiandika hesabu yake. Sangara, samaki mgeni aliyetiwa majini katika miaka ya 1950 na 1960, alizagaa sana katika miaka ya 1980, na viwanda vya kukata minofu ya kupeleka Ulaya vikajengwa Mwanza na Musoma. Hapo ulizaliwa mnyororo wa deni ambao ni vigumu kuuona ukiwa umeketi ofisini: kiwanda hupata fedha, humkopesha wakala, wakala humpa mwenye mtumbwi nyavu na mashine, na mwenye mtumbwi hulipa kwa samaki, kwa bei ya yule yule anayemdai. Samaki wakiadimika, deni haliadimiki. Basi mvuvi ambaye kwa hiari yake asingemgusa sangara asiyefika sentimita 50, humvua. Akishindwa kwa nyavu halali, hununua zenye macho madogo, au hukokota kokoro ufukoni na kuzoa hata mazalia. Vitabu vya mkopeshaji wa juu kabisa huonyesha mdeni mwema, alipaye kwa wakati wake, na waama amelipa. Ila amelipa kwa samaki wa mwaka kesho.

Mwaka 2003 mabenki makubwa kumi yalikubaliana, chini ya Kanuni za Ekweta, kupima madhara ya miradi kabla ya kuikopesha. Lakini kanuni hizo zilikusudiwa miradi ya mamilioni ya dola, wala hazikushuka hadi kwenye mtumbwi. Kwetu, CRDB ilithibitishwa mwaka 2019 na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, na mwaka 2021 ukapitishwa mpango wa dola milioni 200 wa kuwakopesha wakulima zana na mbegu za kuhimili ukame. Mwaka 2022 Benki Kuu ilitoa mwongozo juu ya hatari za kifedha zitokanazo na mabadiliko ya tabianchi. Ni mambo mema. Shaka yangu ni moja: ofisa wa mikopo ambaye ratiba yake ya marejesho ni ya kila mwezi, na dhamana aijuayo ni hati ya nyumba na kadi ya gari, atauona wapi udongo? Mkopo wa kilimo ungefuata mavuno, si kalenda. Na mkopo wa uvuvi usingetolewa kabla ya kuulizwa kikundi cha usimamizi wa mwalo, ambacho kinawajua wenye kokoro kwa majina.

Sisemi kwamba sanduku la Bunda ni kamilifu. Mitaji yake ni midogo, na tembo akitoka hifadhini usiku mmoja akala shamba la mahindi, mwanachama huamka akiwa mdeni vile vile. Halitaweza kugharimia kiwanda, wala mashine ya boti. Fadhila yake ni kwamba mkopeshaji anaishi katika nchi ile ile ambayo mkopo utaiharibu au utaitengeneza.

Basi ofisa wa mikopo aliye Musoma, kabla hajagonga muhuri, na ashuke kwenye mwalo wa Mwigobero asubuhi mitumbwi inaporudi, aombe kuonyeshwa wavu, na alipime jicho lake kwa vidole vyake mwenyewe.