Kifo cha Rwagasore: aliyepiga risasi anajulikana, waliomtuma bado

Kila mwaka tarehe 13 Oktoba maofisi ya Burundi yanafungwa. Watu wa Bukavu wenye kushuka Bujumbura kwa biashara wanazoea hiyo siku, lakini vijana wengi hawajui sababu yake. Ni siku aliyouawa Prince Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa IV, mwaka 1961.

Rwagasore alizaliwa mwaka 1932. Alisoma Astrida, ndiyo Butare ya leo, kisha Ubelgiji. Aliporudi alianzisha koperative za wakulima na wachuuzi, akaongoza chama cha UPRONA kilichodai uhuru haraka. Bazungu hawakumpenda. Mwishoni mwa 1960, wakati wa uchaguzi wa komini, walimfungia nyumbani, na chama cha PDC, walichokipendelea wao, kikashinda. Lakini tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA ilichukua viti 58 kwa 64, na Rwagasore akawa waziri mkuu.

Hakumaliza hata mwezi. Usiku ule wa Oktoba alikuwa anakula na watu wa serikali yake kwenye resto ya Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa, mji ukiitwa bado Usumbura. Mtu mmoja alimpiga risasi akiwa amejificha nje, gizani. Siku chache tu wakamkamata: Jean Kageorgis, Mgriki. Akakiri.

Sasa njo fumbo linaanza. Mgriki alikuwa na ugomvi gani na mtoto wa mwami? Upelelezi ulipofuata uzi, ulifika ndani ya ukoo wenyewe: Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, vichwa vya PDC, wote wawili watoto wa shefu Pierre Baranyanka. Hawa ni Baganwa, damu ya kifalme, ila wa tawi la Batare, wazao wa Mwami Ntare Rugamba. Rwagasore alikuwa Mubezi, mzao wa Mwezi Gisabo, ambaye naye alikuwa mtoto wa huyo huyo Ntare. Msomaji wa Bushi hatashangaa: Kabare na Ngweshe ni nyumba za shina moja, na zimepigana mara ngapi? Kumbe hata matawi hayakukatika kabisa: André Muhirwa, aliyeshika kiti cha waziri mkuu baada ya marehemu, alikuwa Mutare, na bibi yake alikuwa dada wa Rwagasore.

Kesi ya kwanza iliendeshwa na tribunali ya Wabelgiji. Kageorgis alipigwa risasi tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Hao wengine walibaki na vifungo. Burundi huru haikukubali. Korti mpya iliwahukumu upya, na Januari 1963 watu watano walinyongwa Gitega mbele ya watu: Ntidendereza, Biroli, Antoine Nahimana, Jean-Baptiste Ntakiyica na mfanyabiashara Mgriki Michel Iatrou. Kuhukumu mtu mara mbili kwa kosa lile lile si jambo dogo, na pamoja nao vinywa vilivyoweza kusema mengi vilifungwa.

Maana kuna jina lingine ambalo halikufikishwa kizimbani: Roberto Régnier, rezida, mkubwa wa utawala wa Ubelgiji pale Burundi. Kageorgis kabla ya kufa alimtaja. Mashahidi nao walisema kwamba, kwenye mkutano uliofanyika siku chache baada ya uchaguzi, Régnier alitamka kuwa Rwagasore auawe. Mwandishi Mbelgiji Ludo De Witte, yule yule aliyechimba kifo cha Lumumba, alirudia hayo yote katika kitabu chake cha mwaka 2021, akitumia nyaraka za serkali yao. Ukoo ulitoa chuki, sawa. Lakini chuki ya Batare na Babezi ilikuwepo miaka mingi bila waziri mkuu kuuawa.

Mwaka 2018 Burundi iliishtaki Ubelgiji waziwazi kuwa ndiyo iliyopanga. Kule Bruseli, komisheni ya bunge iliyochunguza ukoloni ilifunga kazi mwisho wa 2022 bila kukubaliana hata juu ya kuomba radhi.

Kaburi la Rwagasore liko kilimani Vugizo, juu ya Bujumbura. Ukisimama pale unaona ziwa, na ng'ambo, milima ya Uvira.