Habari Hizi Ziwafikie

Tangazo la kifo kwetu West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, halikai muda mrefu kwa marehemu. Jina lake, kijiji chake, alikofia, siku ya maziko, basi. Kinachorefuka ni kinachofuata: "Habari hizi ziwafikie..." Hapo msomaji wa redio huvuta pumzi. Mjomba aliye Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Shangazi wa Yei. Binti aliyeolewa Yumbe. Kaka aliye Kakira.

Kakira imo katika orodha hiyo kwa sababu ya miwa. Serikali ya kikoloni iliifanya West Nile chimbuko la vibarua, na vijana wa Kilugbara na Kialur wakashuka kusini kwenye mashamba ya sukari ya Kakira na Lugazi. Ngoma ya msiba iliyopigwa nyumbani Maracha haikuweza kuwafikia huko. Redio ya taifa, iliyoanza miaka ya 1950, iliweza.

Ariwara na Yei zilijaa watu wetu baada ya Rais Idi Amin kupinduliwa Aprili 1979. Jeshi jipya lilikuja kulipiza kisasi kwetu, alikotoka Amin, raia wakakimbilia Zaire, ndiyo Kongo ya leo, na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 askari waliwaua watu waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua mjini. Nani angekaa chini kuandika tangazo siku ile? Na alipeleke kwenye redio ya nani, ya serikali aliyoikimbia?

Amin mwenyewe, ambaye ukoo wa baba yake ni Wakakwa wa Koboko, alifia Jeddah tarehe 16 Agosti 2003 na kuzikwa huko huko. Magazeti ya dunia yalimwandikia wasifu mrefu, mengine kurasa nzima. Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara aliyekuwa waziri wake wa mambo ya nje, mwili wake uliokotwa katika mto Nile mwaka 1974. Yeye hukumbukwa zaidi kama mstari mmoja ndani ya wasifu wa Amin. Mimi naona huo ni uonevu wa pili.

Siku hizi ipo Radio Pacis, iliyoanza Arua mwaka 2004, zipo stesheni za Koboko, na makundi ya WhatsApp hutangulia zote. Hata hivyo karatasi ya tangazo bado huandikwa pale pale matangani. Kalamu hupewa kijana aliyesoma, mara nyingi mpwa, kwa sababu watoto wa marehemu hawawezi kuandika mstari bila kulia. Wazee humtajia majina, nao hukatizana kauli kila mara: huyo ni mkubwa, atangulie, yule wa Bweyale mmemsahau. Mwenye kulipia tangazo huomba orodha ipunguzwe. Hupunguzwa kweli, ila si upande wa wajomba. Wao wana haki yao juu ya mtoto wa dada yao, na wakifika wameudhika kwamba hawakutajwa, kaburi litasubiri mpaka maneno yaishe.