Kile kioo cha ndani ya kamera, na bumu lako

Bumu limetoka, na kama kawaida hosteli nzima imegeuka chuo cha uchumi. Safari hii ubishi wa chumbani kwetu hauhusu simu wala sabufa, ni kamera. Jamaa watatu wameamua kuingia kwenye kazi ya picha: mahafali, ubatizo, sendofu za dada zetu, ili ule mwezi wa mwisho kabla ya bumu jingine usiwe wa chapati na maji. Swali lililowashinda ni moja tu. Wachukue DSLR ya bei ya chini, au hizi mpya zisizo na kioo, ambazo wauzaji wanaziita mirolesi? Hela yenyewe ni ya chakula, kwa hiyo akikosea mtu hapo hapaziki kwa utani.

Mimi ni mwalimu mtarajiwa wa historia, na sisi tuna ugonjwa wetu: hatuwezi kujibu swali kabla ya kuuliza kitu kilitoka wapi. Nivumilieni. Ukishajua kioo kile kiliwekwa kwa sababu gani, nusu ya ubishi inakwisha yenyewe.

Kwanza tuelewane. Kioo ninachosema sio kile cha nyuma kinachoonyesha picha, hicho nitakiita skrini. Nasema kioo cha kweli, cha aina ya kujitazamia, kilicholazwa mshazari ndani ya kamera nyuma ya lenzi. Mwanga unaingia, unagonga kioo, unapanda juu, unafika jichoni mwako kwenye kitundu cha kuchungulia. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, mwanga unapita kwenda nyuma kuandika picha, halafu kinarudi. Ile "klak" mnayoisikia kanisani padri akiwa kimya ndiyo hiyo.

Kwa nini watu wazima walijisumbua hivyo? Kwa sababu ya filamu. Filamu haichunguliwi. Ikiguswa na mwanga imeshaandikika, na kilichoandikwa hukijui mpaka isafishwe gizani. Ikabidi itafutwe njia ya kuona kile ambacho filamu itaona, bila filamu yenyewe kuguswa. Wapiga picha wa karne ya 19 walijifunika shuka jeusi wakatazama picha imesimama kichwa chini kwenye kioo cha ukungu, kisha wakachomeka sahani yenye dawa mahali palepale, na mpigwaji atulie kama nguzo. Mwingereza Thomas Sutton alisajili wazo la kamera yenye kioo tangu 1861. Mwaka 1929 Wajerumani wakaja na Rolleiflex yenye lenzi mbili, ya juu ya kutazamia na ya chini ya kupigia. Kwa vitu vya mbali haina neno. Sogea karibu na mtu: wewe umekiona kichwa kizima, filamu imekata utosi.

Mwaka 1936 huko Dresden kampuni ya Ihagee ikatoa Kine Exakta, kamera ya kioo inayotumia filamu ya milimita 35. Hapo lenzi ni moja, unachokiona ndicho utakachopata. Ila ulikuwa unaitazama kwa juu, kamera iko tumboni, kushoto kumekuwa kulia. Contax S ya 1949 ikaweka prizimu juu yake, ndiyo ile nundu ambayo DSLR zimeibeba mpaka leo, na mpiga picha akaweza kuinua kamera machoni. Bado kero moja ilibaki: ukishapiga, kioo kinabaki juu na wewe unatazama giza mpaka uzungushe filamu. Asahi wa Japani, hao hao waliokuja kujulikana kwa jina la Pentax, wakaimaliza mwaka 1954 kwa Asahiflex IIb. Kioo kikawa kinarudi chenyewe papo hapo.

Sasa mwaka huohuo wa 1954 Leica walitoa M3, na hapa naomba tukae kidogo. M3 haikuwa na kioo. Ilikuwa ndogo, ya kimya, na kidirisha cha pembeni cha kutazamia kilichokuwa bora kuliko vyote vya aina yake. Wajapani waliokuwa wakitengeneza kamera za mtindo huo waliona kumkimbiza Leica kwenye barabara yake mwenyewe ni kujichosha. Nikon mwaka 1959 wakaja na Nikon F, ya kioo, na miaka ya 1960 ndiyo iliyoning'inia shingoni mwa waandishi wengi kule Vietnam. Kwa hiyo aliyenunua M3 alinunua kamera bora kabisa ya njia ambayo wengi walikuwa wanaihama. Je, aliula wa chuya? Muulizeni Henri Cartier-Bresson, aliyeshikamana na Leica yake na dunia nzima ikamjua. Leica za ukoo wa M zinatengenezwa mpaka leo. Kupitwa na kufa ni vitu viwili, na hili mliweke akiba, tutalirudia kwenye bei.

Ya dijitali nitaenda haraka. Steven Sasson wa Kodak alitengeneza kamera ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1975: megapikseli 0.01, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Mwaka 1991 Kodak hao hao wakauza DCS. Walichofanya ni kuchukua Nikon F3 ya filamu na kupachika sensa (sio ile ya watu na makazi) mahali pa filamu. Kioo kikarithiwa hivyo hivyo, kama kabati la marehemu. Mwaka 2003 Canon wakatoa EOS 300D, ikauzwa Marekani chini ya dola 1,000, na watu wa kawaida wakaanza kuota DSLR.

Lakini tazameni jambo la ajabu. Sensa inachungulika! Unaweza kuimwagia mwanga kutwa nzima na ikakuonyesha kwenye skrini inachokiona. Sababu iliyozaa kioo ilikuwa imeshakufa, kioo kikaendelea kuishi. Kwa nini? Sehemu moja ni ufundi, maana skrini na sensa za mwanzo hazikuwa na ubora wa kutosha kushindana na jicho. Sehemu kubwa, kwa maoni yangu, ni lenzi. Lenzi za Nikon F zilianza 1959, za Canon EF zilianza 1987, na zote zilipimwa ziache nafasi ya kioo kurukia: milimita 46.5 kwa Nikon na 44 kwa Canon, kutoka mdomo wa kamera mpaka kwenye filamu. Kukitoa kioo na kuitumia nafasi hiyo ni kubadili mdomo wa kamera, na kubadili mdomo ni kumwambia mteja kwamba kabati lake lote la lenzi sasa ni la zamani. Bosi gani atajitolea kusema hivyo?

Walioanza ni wale waliokuwa na kidogo cha kupoteza. Panasonic, wakishirikiana na Olympus, walitoa Lumix G1 mwaka 2008. Sony wakafuata 2010. Canon na Nikon walionja tu, Nikon 1 mwaka 2011 na EOS M mwaka 2012, na zote mbili zimeshafungwa. Waliingia kwa miguu miwili mwaka 2018, na midomo mipya: milimita 16 kwa Nikon Z, 20 kwa Canon RF.

Cha kuchekesha, huo mwaka 2008 wa G1 ndio Nikon D90 na Canon 5D Mark II zilianza kupiga video. DSLR inapigaje video? Inainua kioo na kukiacha juu. Yaani ni mirolesi iliyobeba kioo kisicho na kazi. Tangu hapo mwisho ulishaonekana kwa mwenye macho. Mwaka 2020 viwanda vya Japani vilisafirisha mirolesi nyingi kuliko DSLR, na Nikon wameshaacha kutengeneza D3500, kipenzi cha wanaoanza.

Haya, turudi kwenye bumu.

Kwanza futeni wazo kwamba mirolesi ya chini ina picha nzuri kuliko DSLR ya chini. Canon 2000D ya 2018 na Canon R100 ya 2023 zote zina megapikseli 24.1, na sensa zao zina ukubwa mmoja. Mhitimu akishavaa joho lake na picha ikachapwa ya kutundika sebuleni, mama yake hatajua ilipita kwenye kioo au haikupita. Tofauti iko kwenye kazi. Betri ya D3500, kwa vipimo vya Nikon wenyewe, inafikisha picha 1,550, kwa sababu ukichungulia kitunduni unatazama mwanga mtupu usiokula umeme. Mirolesi za ngazi hiyo, ambazo kitundu chao ni skrini ndogo inayowaka muda wote, hukaa kwenye mia tatu na kitu. Siku ya mahafali inaanza asubuhi na kuisha usiku, fanya hesabu mwenyewe. Kwa upande wa pili, anayetaka video asihangaike na 2000D wala 4000D. Kioo kikiinuka, fokasi inaanza kupapasa kama mtu anayetafuta swichi umeme umekatika. Huyo aende mirolesi, na ajibane anunue betri ya ziada.

Kwa jamaa wa picha mnato, mimi nasema DSLR iliyotumika. Njia imefungwa, ndiyo, na hiyo ndiyo faida yenu: wenye hela wanahama, wanaacha lenzi za EF sokoni. Chukua ile 50mm ya f/1.8 kabla ya kitu kingine chochote. Siku ukipata hela ya kuhamia RF, adapta ipo na lenzi hiyo itafanya kazi kule. Ukichagua Nikon kuwa mwangalifu, D3500 na ndugu zake hazina mota ya fokasi ndani, lenzi za zamani za AF-D utazizungusha kwa mkono.

Na 4000D mimi ningeiacha dukani, hata mdomo wake wa lenzi ni plastiki.

Ukifika kwa muuzaji usikimbilie kupiga picha yake akichekelea. Toa lenzi, utazame kioo kama kina mikwaruzo, bila kukigusa kwa kidole. Rudisha lenzi, funga tundu lake hadi f/16, piga ukuta mweupe, kuza picha uone madoa ya vumbi kwenye sensa. Kisha piga ishirini mfululizo huku unachungulia. Kioo kikichelewa kurudi hata mara moja, umerudishwa kabla ya 1954, mwachie mwenyewe kamera yake.