Anayeanguka na Anayesitiriwa

Kitenzi kinachofanya kazi nyingi kuliko vingine katika mikutano ya injili ya Dar es Salaam ni anguka. Simama jioni kwenye Viwanja vya Biafra, Kinondoni, au Mwembe Yanga, Temeke, au nje ya turubai lolote la Mbagala lenye spika zilizoelekezwa barabarani. Utakisikia kabla hujalijua jina la mhubiri. "Ameanguka!" ni kusema nguvu za Mungu zimemshukia mtu, au pepo aliyekuwa ndani yake ameshindwa kusimama. Wahudumu huja mbio na khanga, wakamfunika mwanamke aliyelala chini kuanzia kiunoni hadi miguuni, na maombezi yakaendelea. Siku nyingine kitenzi hichohicho husemwa kwa sauti ya chini, mlangoni, baada ya ibada: "Mchungaji ameanguka." Hapo ni pesa za ujenzi, au binti wa kwaya, au mke wa mtu.

Nimelichunguza neno hili kwa sababu naona linatuponza. Kisarufi, anguka ni kitenzi kisicho elekezi, hakichukui yambwa. Embe huanguka, mtoto huanguka, serikali huanguka. Kuiba kuna mwenye mali, kudanganya kuna aliyedanganywa, kubaka kuna aliyebakwa. Lakini mchungaji "akianguka", sentensi imekwisha, na ndani yake yumo yeye peke yake. Msikilizaji anaachwa amwonee huruma kama anavyomwonea huruma mtu aliyeteleza kwenye tope. Aliyeumizwa hana nafasi hata ya kisarufi.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Neno mlokole, ambalo mitaa yetu hulitumia kwa kila mtu asiyekunywa pombe na anayebeba Biblia siku za kazi, halikuzaliwa Pwani. Lilikuja kutoka Kiganda: balokole, waliookoka, jina walilopewa watu wa uamsho uliochipuka Uganda na Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, walikutana kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Kutoka hapo na kutoka Gahini moto ukaenea, ukaingia Tanganyika kwa mlango wa Bukoba, ukafika Kenya. Josiah Kibira, mmoja wa watoto wa uamsho huo kule Buhaya, baadaye akawa askofu wa Kilutheri, na kuanzia 1977 hadi 1984 akawa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Walokole wale walikuwa na istilahi yao ambayo leo naikosa sana: kutembea nuruni. Kutembea nuruni kulikuwa kusimama mbele ya ndugu na kuitaja dhambi yako kwa jina lake, pamoja na jina la uliyemkosea, kisha kwenda kwake kurudisha ulichochukua. Watu walirudisha ng'ombe. Wamisionari walisimama wakakiri kiburi chao na dharau yao mbele ya Waafrika ambao hadi jana yake walikuwa wakiwaamuru. Katika lugha ile kiongozi hakuwa na ngazi ya juu ya kusimamia. Akikataa kuvunjika, ndugu walimwambia. Sisemi ulokole ule haukuwa na madoa. Toba ya hadharani iliweza kugeuka fimbo, na wengine waliaibishwa kwa mambo ambayo yangetosha kusemwa faragha. Lakini sentensi zao zilikuwa na yambwa: nilimwibia fulani, nilimchukia fulani.

Sasa uponyaji. Kiswahili kimeuweka wokovu na uponyaji karibu sana. Abiria akitoka mzima kwenye daladala iliyopinduka, twasema ameokoka, na twasema pia amepona. Aliyekoswakoswa ameponea chupuchupu. Kwa hiyo mama wa Tandika anapoambiwa kwamba Yesu aliyemwokoa ndiye pia atakayemponya, hasikii mafundisho mawili. Kiswahili chake kilikwisha kumwandaa. Wanaoshangaa kwa nini uamsho wa mijini umejaa wagonjwa kuliko wasomi wa teolojia wangeanza kutafuta jibu hapo, kisha wahesabu gharama za vipimo na dawa kwa mtu asiye na bima.

Dar es Salaam ilishaonja jambo hili kabla ya turubai za leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Edmund John, Mwanglikana asiyekuwa padri, ndugu wa Askofu Mkuu John Sepeku, alianza huduma ya kuombea wagonjwa na kufukuza pepo. Watu walimfuata kwa wingi, wa madhehebu mbalimbali, na wasio Wakristo pia. Alifariki mwaka 1975, na wapo wazee wa jiji hili ambao hadi leo huitaja miaka hiyo kwa heshima. Kinachonivutia kwake ni kwamba hakuwa na cheo. Alikuwa mlei, mwenye ndugu askofu mkuu, na hakuhitaji jina la mtume ili maombi yake yasikike.

Lakini lipo swali ambalo waumini wa Kinondoni na Temeke huulizana kwa uchungu, na halijibiwi madhabahuni. Niliombewa na mtu yule, nikapona. Sasa imejulikana alivyokuwa akiishi. Je, kupona kwangu kulikuwa uongo? Niliokoka kwa nani? Swali hili ni la Kiafrika, na ni la kale. Baada ya mateso ya Kaisari Diokletiano mwanzoni mwa karne ya 4, Wakristo wa Afrika Kaskazini waligawanyika juu ya maaskofu waliosalimisha Maandiko Matakatifu kwa watesi ili wasiuawe. Kundi la Wadonati lilisema ubatizo wa mikono iliyosaliti haufai kitu. Augustino, askofu wa Hippo katika nchi tunayoiita leo Algeria, alijibu kwamba anayebatiza hasa ni Kristo; mhudumu hana chake cha kutoa, wala cha kuharibu. Mwaka 411 pande hizo mbili zilikutana Karthago, Tunisia ya leo, zikabishana mamia ya maaskofu kwa mamia. Naamini Augustino alikuwa sahihi, na ningependa mama yule aliyepona alisikie jibu hilo kwa Kiswahili chepesi: Mungu alikuponya wewe, hakumpa yule mtu hati ya usafi.

Na hapa ndipo istilahi zetu za sasa zinapotufunga, hasa upako. Wasomaji wa Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 wamezoea kusikia kutiwa mafuta, tendo ambalo Mungu humtendea mtu. Upako umekuwa nomino, kitu ambacho mtu anacho, na anacho kwa wingi au uchache. Mtu huwa na upako mkubwa, huubeba, huuachilia, huwagawia wengine. Kutoka kwenye mtu ukahamia kwenye vitu: maji ya upako, chumvi ya upako, mafuta ya upako. Kitenzi paka kinataka mkono wa mtu mmoja juu ya mwili wa mtu mwingine, taratibu, uso kwa uso. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, katika mkutano wa Mtume Boniface Mwamposa, ambaye makao ya huduma yake yako Kawe wilayani Kinondoni, kitenzi kilikuwa kanyaga. Mafuta yalimwagwa chini, umati ukayakimbilia, na watu 20 wakafa kwa kukanyagana. Siandiki hili kumhukumu mtu. Mambo ya sheria yana wenyewe. Naliandika kwa sababu watu wale 20 walikwenda kutafuta kupona, na lugha ilikuwa imeshawafundisha kwamba neema iko mahali fulani, ni kidogo, na atakayechelewa ataikosa.

Neema haiko hivyo, na Kiswahili kinajua. Neno limetoka Kiarabu, na nje ya mahubiri ni neno la wakulima na wavuvi: mwaka wa neema ni mwaka wa mvua na mazao, wakati kila mtu ana chakula, mwema na mwovu. Tumewapa binti zetu jina hilo, na hakuna mtaa wa Dar usio na Neema. Shida yetu iko kwenye mwenzake, bure. Bure ni kisicho na malipo, na bure ni kisicho na maana; "umekwenda bure" na "umepewa bure" hutumia neno lilelile. Yesu aliwaagiza wanafunzi watoe bure, lakini masikio yetu yanashuku kitu cha bure. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, aliwanywesha maelfu kikombe cha dawa kijijini Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500 tu, na magari kutoka Dar yalikuwa kwenye foleni ile. Shilingi 500 zilikuwa karibu na bure, na ni vigumu kumlaumu mzee yule kwa tamaa. Leo sadaka iitwayo mbegu, inayopandwa kwa mtumishi ili maombi yajibiwe, haina uhusiano na kiwango kile.

Mtumishi nalo linahitaji kurudishwa kwao. Kutoka shina la tuma tumepata mtume, aliyetumwa, mtumishi, anayetumika, na mtumwa. Familia nzima hiyo iko chini ya mwingine. Lakini mitaani "Mtumishi!" limekuwa cheo cha kuitikiwa kwa kuinama, na kuna andiko la Zaburi, la kukataza kuwagusa waliotiwa mafuta, ambalo hutolewa kila mtumishi anapoulizwa swali la fedha. Mtumishi asiyeulizwa na aliyemtuma wala na anaowatumikia hafanani na maana ya jina lake.

Nimesema naikosa istilahi ya kutembea nuruni. Sikilizeni iliyochukua nafasi yake. Katika makanisa ya zamani, Walutheri, Waanglikana, Wamoravian, binti akipata mimba nje ya ndoa alitengwa. Jina lake lilisomwa, alikaa kando na meza ya Bwana, na baada ya muda akarudishwa kundini, jina likasomwa tena. Ulikuwa utaratibu mgumu, mara nyingi wa dhuluma, maana aliyempa mimba hakusomwa. Kiongozi akikosa, kitenzi kilikuwa kingine: amehamishwa. Au amepumzishwa. Au amepangiwa majukumu mengine. Katika huduma binafsi zisizo na wa kumhamisha, husemwa anapigwa vita. Linganisha: ametengwa, amehamishwa. Binti alipata nidhamu na njia ya kurudi. Mchungaji alipata usharika mpya, na usharika huo haukuambiwa kitu.

Watetezi wake hawatumii neno kuficha. Wanasema: tumsitiri mtumishi wa Mungu. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa kuwa kusitiri ni mojawapo ya maneno mazuri sana ya Pwani. Maiti husitiriwa. Aliyechaniwa nguo husitiriwa. Mgeni aliyekosa nauli husitiriwa asiaibike mbele ya watoto. Khanga ile ya wahudumu ni stara hasa. Stara hupewa mnyonge, na lengo lake ni heshima ya anayefunikwa. Kuficha hulinda tendo lisijulikane, na anayefaidika ni mtenda. Tukimfunika mchungaji aliyemharibu binti wa kwaya, binti amebaki uchi mbele ya mtaa mzima, akiambiwa yeye ndiye aliyemwangusha mtu wa Mungu. Tazameni kitenzi kilivyopata yambwa hatimaye: kumwangusha. Na mtenda amekuwa yeye.

Neema kwa kiongozi ipo, na naiamini kwa moyo wote. Petro alimkana Bwana wake na akarudishwa. Lakini alirudishwa kwa kuulizwa, mara tatu, mbele ya wenzake. Neema ya namna hiyo humsimamisha mtu mbele ya ukweli wake, haimzungushii ukuta. Na kurudi kundini ni kurudi kuwa kondoo. Mimbari ni jambo jingine, ambalo mara nyingine halirudi, na mtu aliyetubu kweli hatalidai.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukisikia kanisani kwako kwamba mchungaji ameanguka, uliza alimfanyia nani nini. Sentensi ikamilishwe. Khanga apewe aliyeumizwa kwanza, na jina lake lisitembezwe. Kama fedha zimepotea, hesabu zisomwe mbele ya waliozitoa. Na kama lililotendeka ni jinai, Dawati la Jinsia na Watoto la Jeshi la Polisi ndipo pa kuanzia, kabla ya kikao cha wazee wa kanisa.